Majibu Waliyompa Sista Falone

Mushaki, 8 Februari 2021

Mama Sébastien, dada yangu wa siku za taabu,

Ni mimi Françoise, Mama Falone wa Mushaki, ule mulilala kwake mwaka mulikimbia vita, tukajaa mu nyumba mpaka bwana wangu, Papa Nestor, akahamia jikoni na blangeti yake. Natumaini muko wazima, na Sébastien, na muke wake Mamy. Nimesikia Mamy iko na mimba. Mungu amubebe.

Sasa sikia. Mutoto wangu Falone, ule hamukukutana sababu alikuwa masomoni Goma, anakuja kwenu. Walimu wake wanamutuma kufanya utafiti. Anataka kuuliza wamama wenye mimba wanakula nini na nini hawakuli, sababu kule kwenu kituo cha afya kinaona wengi wenye damu kidogo. Nilimuambia, si ungeuliza hapa nyumbani, ukalala mu kitanda chako? Akasema hapana, ni Pinga.

Dada, moyo wangu hautulii. Dunia yetu unaijua. Mutu akifika mu kijiji cha watu anauliza-uliza, watasema nani amemutuma? Tena Falone sasa ni musichana wa kuonekana, na vijana wa barabarani hawana haya. Kwa hiyo nakuambia jambo, ulifikishe kwa watu wote: Falone anajitayarisha kuingia kwa Masista. Hapendi kulisema. Ukimuuliza atakataa, atasema si kweli. Ni unyenyekevu tu, usimuamini. Mumuchukue kama mutoto wa Kanisa.

Barua hii inakuja na Bienvenu, mutu wa pikipiki. Ni mutu mwaminifu, ila anakimbiza sana. Ukimuona, mugombeze kwa niaba yangu.

Dada yako,
Françoise


Pinga, 24 Februari 2021

Mama yangu mpendwa,

Nimefika. Mgongo unauma, Bienvenu anacheka, pikipiki ilianguka mara moja tu na ilianguka polepole. Mtandao hapa unapatikana juu ya kilima peke yake, na wewe simu unaishika kama mtu anayeshika kaa la moto, kwa hiyo tuandikiane.

Nalala kwa Mama Sébastien. Ni mkarimu kupita kiasi, na hilo "kupita kiasi" nitakueleza hapa chini.

Uliniuliza barabarani, nikiwa tayari nimepanda pikipiki: utafiti ni kitu gani hasa, na kwa nini uende kuuliza watu chakula chao kama polisi? Sikujibu vizuri, kofia ilikuwa inanibana. Ngoja nijaribu sasa.

Utafiti si wa namna moja. Kuna watu wanaotafiti kwa kutaka kujua tu. Mtu anakaa msituni hapa mwaka mzima kujua vyura wanaitana kwa nini. Ukimuuliza jibu litamlisha nani, hana la kusema, ila huenda mjukuu wako akalihitaji siku moja. Wengine wanatafuta dawa ya tatizo lililo mlangoni. Kuna utafiti wa kujaribu, na huo unaujua: mwaka ule ulipanda maharagi ya zamani upande mmoja na mbegu mpya upande wa pili, udongo uleule, mvua ileile, ukangoja uone. Wewe uliita kujaribu bahati, walimu wangu wana jina refu zaidi. Halafu kuna wa kuhesabu: wangapi wanakula mayai, wangapi hawali. Huo unakuambia ukubwa wa jambo, lakini haukuambii sababu. Ukitaka sababu lazima ukae chini usikilize, na mtu akitoka nje ya swali lako umfuate huko anakokwenda, maana mara nyingi jibu liko huko.

Mimi nahesabu kwanza, kisha nasikiliza. Nikikosea, sitamuumiza chura. Watakaoumia ni akina mama wenye mimba, kwa sababu kituo cha afya kinangoja kitabu changu ili kijue kiwafundishe nini.

Sasa kuhusu ukarimu. Mama, watu hapa wananiita Sista. Mimi, ambaye sijawahi kumaliza rozari bila kusinzia! Nikiingia uani wanawake wananiletea kiti kirefu, wao wanakaa chini, na mazungumzo yanakatika. Wananiomba nibariki chakula. Niliwaambia wazi, "Mimi si sista." Wakaangaliana, wakatabasamu: "Tunajua, Sista. Bado." Bado nini? Labda kwao kila msichana aliyesoma ni sista.

Nakukumbatia. Msalimie Baba.

Falone


Mushaki, 9 Machi 2021

Falone, mutoto wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili mimi mwenyewe, halafu Papa yako akanisomea tena, sababu anasema mimi naruka maneno. Niliruka moja tu.

Ulianguka polepole! Hakuna kuanguka polepole. Mimi ndiye nilikuzaa, najua ile mifupa.

Utafiti nimeuelewa, hata ule wa vyura. Lakini nikuambie, na sisi watafiti wamefika hapa. Mwaka uliopita walikuja vijana wa ONG, shirika la misaada, na mashini ya kuandikia kwa kidole. Mumoja akaniuliza, "Mama, muko na ng'ombe?" Jirani yangu Uwamariya alikuwa amenionya kwamba wenye ng'ombe hawapewi bashi ya kufunika nyumba. Nikasema hatuna. Palepale ng'ombe wetu akalia nyuma ya nyumba! Kijana akaniangalia. Mimi nikamuangalia. Akaandika "hapana". Basi mu ile karatasi yao sisi tuko maskini bila ng'ombe, na bashi hatukupata vilevile. Ule ulikuwa utafiti gani kati ya zile zako?

Nasema hivi sababu ninaogopa watu watakudanganya. Mutu akiulizwa, kwanza anajiuliza: huyu anataka nini kwangu? Halafu anajibu kufuata ile.

Kuhusu kukuita Sista, waache. Jina la heshima halichomi mutu. Njo afazali hivyo kuliko wakuite jina lingine. Wewe kula, vaa koti asubui, usitembee peke yako barabara ya porini. Vijana wa kule wako na adabu? Hujaniambia.

Mama yako


Pinga, 28 Machi 2021

Mama Falone,

Asante kwa mutoto. Kweli mulimulea! Anaamka mbele ya jogoo, anafagia uwanja, mimi ninamunyang'anya ufagio: Sista anafagia? Sisi tungeenda na uso gani mbele ya Padri?

Usiwe na wasiwasi. Vijana wanavua kofia akipita. Hata Sébastien mwanangu, ule mwenye mudomo, mbele yake anaongea kama katekista.

Na utafiti wake tunausaidia sana. Nilikusanya wamama wote wa chama chetu cha kanisa mbele hajaanza, nikawaambia: munasikia, huyu ni binti wa Kanisa, tusimuchafulie masikio na mambo ya pori. Akiuliza muziro, ile mikatazo ya chakula ya wazee wetu, tunajibu kwamba tuliiacha siku ya ubatizo. Akiuliza mayai, tunakula. Kambale, tunakula. Mboloko, ule swala mudogo wa pori, tunakula, asante Yesu. Na wote wamejibu vizuri, hakuna aliyeniangusha. Bibi mumoja tu alianza kueleza namna kambale anavyoteleza na mutoto anaweza kuteleza vilevile tumboni mbele ya wakati. Nikamukoholea.

Kwa wewe siwezi kuficha, ulilala njaa ili watoto wangu wakule. Mamy hakuli hata kimoja cha hivyo. Anakula bugali na sombe, majani ya muhogo, na sombe yenyewe bila samaki. Sista akiingia, anafunika sahani yake. Juzi alishikwa na kizunguzungu akaanguka kisimani, lakini tulimuinua haraka, na Sista hakuona. Hatungependa ahuzunike.

Tunakuombea. Siku ya kuvaa kwake kanzu utualike!

Dada yako,
Mama Sébastien


Mushaki, 6 Aprili 2021

Falone wangu,

Pasaka ilipita vizuri. Mvua nyingi. Ng'ombe mzima. Papa yako anakohoa kidogo, si kitu.

Nilitaka kukuuliza: mu utafiti, kama watu wote wanajibu sawasawa, ni vizuri ao si vizuri? Nauliza tu.

Na ule Mamy wa Sébastien, unamuonaje? Umeshamuona akikula? Nauliza tu.

Bienvenu anapiga honi.

Mama yako


Pinga, 20 Aprili 2021

Mama,

Barua fupi namna hiyo kutoka kwako! Nilidhani kuna ukurasa umepotea njiani. Baba anakohoa tangu lini?

Nina habari njema. Nimemaliza kuhesabu, na hata kusikiliza nimemaliza, kwa sababu hakukuwa na la kusikiliza zaidi. Unauliza kama ni vizuri watu wote wakijibu sawa. Inategemea. Mara nyingine ni kwa sababu jambo lenyewe ni wazi. Hapa kila mwanamke, mzee na kijana, ameniambia anakula kila kitu: mayai, kambale, mboloko. Nilikuja nikidhani nitakuta mikatazo ya zamani, sikuikuta. Sijui kama nifurahi. Mtafiti anayekuta kinyume cha alichodhani anapaswa kushukuru, ndivyo tunavyofundishwa, ila mimi nilijisikia kama mtu aliyebisha hodi nyumba nzuri akajibiwa na wote kwa pamoja kutoka ndani.

Mamy? Ni mpole. Kumwona akila, hapana, sasa ndiyo naona kwamba sijawahi. Kila nikiingia amekwisha kushiba.

Basi nimepanda kilimani nikampigia mwalimu anayenisimamia. Amefurahi. Amesema kama chakula si tatizo, kituo cha afya kiache mafundisho ya chakula kwa wenye mimba, nguvu ziende kwenye vyandarua na dawa za minyoo. Mganga wa kituo naye anangoja karatasi yangu. Naiandika sasa hivi, naiacha kwake mwanzo wa mwezi ujao, kisha narudi nyumbani.

Weka viazi vya kuchoma. Nimechoka kubarikia watu chakula.

Falone


Mushaki, 27 Aprili 2021

Falone,

Usiiache ile karatasi. Kama umekwisha kuiacha, rudi uichukue. Nimemuambia Bienvenu leo akimbize namna anavyotaka.

Mutoto wangu, uko wanakuita Sista si juu ya masomo yako. Ni mimi. Nilimuandikia Mama Sébastien kwamba unaingia kwa Masista. Na nikaongeza kwamba ukikataa wasikuamini, ni unyenyekevu. Njo sababu walikujibu "bado".

Ninajua sasa midomo umeikaza. Ngoja nimalize.

Sikutaka kuharibu. Niliona wewe peke yako mu kijiji cha watu, na karatasi, unauliza. Nikasema nitamufunika na kitu. Kama ungekuwa mudogo ningekufunga mu kitenge mugongoni. Sasa wewe mukubwa, kitenge kilikuwa ule uongo.

Wamama wa Pinga wanakupenda, lakini walikupangia majibu. Mama Sébastien aliniandikia yote, akifikiri ananifurahisha. Wanashika muziro, wengi wao. Mamy hakuli mayai, wala samaki, wala nyama ile. Anafunika sahani ukiingia. Aliangukia kisimani, wakakuficha. Barua hiyo ilinifikia mwanzo wa mwezi huu, na mimi nikakuandikia juu ya mvua na Pasaka. Nilitafuta namna ya kuyasema bila kuyasema, nikashindwa.

Uliniambia chura hataumia. Nimekuwa nikilisikia lile neno nikikamua, nikipika, mu misa. Damu ya ule mutoto wa watu na mimba yake!

Nikasirikie. Lakini kwanza usiache karatasi.

Mama yako


Pinga, 5 Mei 2021

Mama,

Nimesoma. Bienvenu ananingoja, na mimi sina maneno mengi.

Karatasi sikuiacha. Nilikuja hapa kutafuta ukweli wa watu, kumbe kitu cha uongo kuliko vyote Pinga nilikuwa mimi, nimekaa kwenye kiti kirefu.

Nikiwaambia mimi, wataona ni unyenyekevu. Wewe ndiye uliyefunga fundo hili. Lifungue.

Niko mzima. Nakula.

Falone


Mushaki, 12 Mei 2021

Kwa wamama wote wa Pinga, wa chama cha kanisa na wasio wa chama. Mama Sébastien asome kwa sauti, asiruke.

Wamama wenzangu,

Falone si sista. Hakuwa, na sizani atakuwa. Akisema si sista, anasema kweli. Muongo ni mimi, mama yake. Ninajua sasa munasema, "Huyu mama wa Mushaki, mutu gani!" Semeni. Niko mbali, sisikii. Mukimaliza, musikilize tena.

Niliogopa juu ya mutoto. Nani kati yenu hajaogopa? Nikamuvalisha kanzu asiyoivaa. Na ninyi, kwa kumuheshimu, mukamupa majibu ya kanisani. Lakini yeye hakuja kuona kama muko Wakristo wazuri. Alikuja kujua kwa nini wamama wenye mimba wanaishiwa damu, na majibu yenu yatamwambia muganga afundishe nini na aache nini. Akiamini munakula yote, kesho hakuna atakayewauliza tena juu ya sahani zenu.

Sasa mimi nianze, ili musione haya.

Mimi sili mbuzi. Tangu nizaliwe, nyama ya mbuzi haijapita mu kinywa changu. Mama yangu aliniambia mwanamuke akikula mbuzi anaota ndevu, na anakuwa mubishi kama mbuzi mwenyewe. Mimi ni mubatizwa, ninapokea Komunyo, ninaimba mu kwaya sauti ya kwanza, na mbuzi sili. Falone mwenyewe hajui. Kila mara nilimuambia inanisumbua tumbo. Nilipokuwa na mimba yake, damu ilinipungukia mpaka nikawa naona ukuta unatembea. Muuguzi akasema kula nyama. Siku hiyo kwa shemeji yangu kulikuwa ubatizo, mbuzi muzima amepikwa. Papa Nestor akanibembeleza kama mutoto. Nikamuambia, nikiota ndevu utanioa tena? Akanyamaza kidogo. Kidogo tu, lakini nilikuona, Nestor! Nikakula viazi.

Sasa mujue. Mukicheka, ni haki yenu. Lakini mukimaliza kucheka mumuambie Falone mambo yenu, namna yanavyokuwa. Yeye hakuja kuwakataza. Na wewe Mamy, mutoto wangu, usifunike sahani.

Mama Sébastien, dada, kwako nitakuja mimi mwenyewe kupiga magoti. Barabara ikiruhusu.

Françoise


Pinga, 2 Juni 2021

Mama,

Kaa chini kwanza.

Mama Sébastien alisoma barua yako uani kwake, akina mama wote wakiwa wanamenya mihogo. Alipofika pale "muongo ni mimi" akaurudia mstari huo. Akaendelea kwa sababu uliandika asiruke. Hakuna aliyenitazama. Nilitamani ardhi ipasuke. Kisha akafika kwenye ndevu.

Yule bibi ambaye Mama Sébastien alimkoholea ndiye aliyeanza kucheka, bila meno, mpaka kisu kikamponyoka. "Ndevu! Kumbe na watu wa ng'ombe wana muziro wao!"

"Na bwana wake, aliye na ndevu," akasema mwingine, "alikula mbuzi wangapi?"

"Alinyamaza kidogo! Wanaume! Wangu asingenyamaza kidogo, angekwenda kuuliza kwa mama yake!"

Mama Sébastien hakucheka. Aliikunja barua, akaniuliza, "Kwa hiyo tangu mwezi wa pili ulikuwa unasema kweli?" Nikasema ndiyo. "Na mimi nilikuwa nakunyang'anya ufagio." Akanitupia kisu na rundo la mihogo. "Menya basi, kama wewe si sista."

Tulimenya mpaka mihogo ikaisha, tukaanza mipya. Mama, walisema! Sikuwa hata na karatasi mkononi, niliandika baadaye nikiomba kila mmoja arudie aliyosema. Kambale anateleza, mimba itateleza. Mboloko anatetemeka, mtoto atatetemeka. Yai halina nywele, na mtoto atakuja bila nywele. Hayo nilitegemea kuyasikia. Nisilolitegemea ni hili: mwanamke anakuja kwenye ndoa na muziro wa ukoo wake, kisha anaongezewa wa ukoo wa mume. Kwao Mamy walikataza mayai na kambale. Kwa Sébastien wanakataza mboloko na nyama zote za mnyama aliyenaswa kwa kamba. Kila ukoo, peke yake, unamwachia mwanamke kitu cha kula. Ni pale zinapokutana kwenye sahani moja ndipo inabaki bugali tu. Na anayelinda sahani ile si Mamy. Ni mama mkwe.

Kumbe kituo kilikuwa kinafundisha wanawake wenye mimba, ambao hawana neno la kusema jikoni. Wa kufundishwa walikuwa akina mama wakwe, nyumbani.

Nilimuuliza Mama Sébastien, nikiogopa. Alifikiri siku kadhaa, akiwa amenuna. Halafu akaja na jibu lake mwenyewe, sikumwekea mdomoni: "Mimi siwezi kufuta muziro wa ukoo wa bwana wangu, si wangu. Lakini ule wa kwao, mayai na kambale, mimi unanihusu nini? Kama mama yake anakubali, mimi simulindii tena." Sébastien akatumwa kwa mama mkwe wake. Amerudi juzi na "sawa" na kuku mtagaji. Mamy alikula yai la kwanza amefumba macho, amenishika mkono. Sijui kama litampa damu ya kutosha. Mganga anamwangalia sasa. Huu nao ni aina ya utafiti, ule ambao watu wenyewe wanashika jembe na mtafiti anafuata nyuma yao. Sikuutaja katika barua ile ya kwanza kwa sababu nilidhani ni wa vitabuni.

Nilimpigia mwalimu wangu, akaniongezea muda hadi mwisho wa Julai. Majibu yale ya mwanzo hataki niyatupe. Amesema niyaweke katika sura ya peke yake: mambo ambayo watu humwambia wanayemheshimu.

Nilikukasirikia sana, Mama. Wiki nzima niliogopa kuandika nisije nikakuumiza. Bado kidogo nina hasira, ikipungua nitakuambia. Lakini bila barua yako ningemenya ukimya peke yangu hapa.

Sasa jambo la kazi. Kwa sheria yetu, kila aliyesema naomba ruhusa yake, na jina lake nalificha, naweka jina lingine au namba, asije akachekwa. Nataka barua yako kwa akina mama iingie kitabuni, yote, mbuzi na uongo. Unaniruhusu? Na nikuite nani?

Falone


Mushaki, 10 Juni 2021

Falone wangu,

Nilikaa chini namna ulisema. Nilisimama tena pale kwenye yai.

Papa yako anakataa kwamba alinyamaza. Anasema alikuwa na kitu mu kinywa. Tumeongea sana juu yake, na sasa haongei. Mbuzi bado sijala, usinisukume. Uwamariya aliniletea kipande kwa kunitania, nikakiangalia, nikampa mbwa wake mwenyewe.

Mwambie Mamy namukumbatia. Na Mama Sébastien, nitakuja na jibini kubwa ya kwetu Masisi, tena sitaongea, yeye aongee kwanza.

Juu ya ruhusa, ninakupa. Hasira yako uimalize polepole, mimi siko na haraka, nyumba iko.

Juu ya jina, sikia vizuri. Penye mbuzi usinifiche. Shule niliachia darasa la tatu, mukono wangu unatembea mu karatasi kama mutu wa jeraha, na sikuwahi kuona jina langu mu kitabu cha mutu. Andika yote: Françoise Mukagasana, wa Mushaki, mulimaji, muke wa Nestor Hakorimana, mama wa Falone Uwamwezi. Hata namba uweke kama unapenda, lakini jina litangulie. Wakicheka huko Goma, wacheke wakinijua.

Ila penye uongo, pale nilisema unaingia kwa Masista, usiniweke jina. Andika tu "mama mumoja wa Masisi." Masisi iko na wamama wengi, na hakuna hata mumoja ambaye hangesema vile juu ya mutoto wake.

Mama yako